Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu “run”, kitenzi chenye maana nyingi kuliko vyote katika Kiingereza

Anayejifunza Kiingereza, anayekifundisha na sisi tunaofasiri kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, sote tunakutana na “run” kila siku. Ni neno la herufi tatu ambalo mtoto wa shule ya msingi analijua, na bado ndilo linaloharibu tafsiri nyingi za habari, mikataba na maandishi ya filamu. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi. Baadhi yana majibu mafupi, mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili.

Ni kweli “run” ina maana zaidi ya 600?

Ni kweli. Oxford English Dictionary, kamusi kubwa kuliko zote za Kiingereza, ilipolipanga upya neno hilo mwaka 2011 ilihesabu maana 645 za “run” kama kitenzi, bila kuingiza nomino. Mhariri aliyekabidhiwa kazi hiyo, Peter Gilliver, aliifanya kwa zaidi ya miezi tisa.

Kabla ya hapo bingwa alikuwa mwingine. Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, kitenzi kilichochukua nafasi kubwa kuliko vyote kilikuwa “set”. Wahariri walipoanza kuiandika upya kuanzia herufi M, “make” ikaipiku “set” mwaka 2000, “put” ikaipiku “make” mwaka 2007, kisha ikaja “run”.

Namba hiyo isikutishe. Kamusi ya aina ile inahesabu kila tofauti ndogo, zikiwemo maana zilizokufa karne nyingi zilizopita na nyingine zinazojulikana kwa mabaharia au wafua chuma tu. Kiswahili nacho kina vitenzi vya tabia hii. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, tunapiga chafya, na hakuna anayeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili hushangaa, lakini sisi hatujawahi kukaa chini kukariri orodha ya “piga”. Tuliizoea kwa kuisikia mahali pake.

Neno lenyewe lilianzia wapi?

Lina asili ya Kijerumani cha kale, yaani lugha mama iliyozaa Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, lilikuwa na sura mbili: “rinnan”, ambayo haikuonekana mara nyingi, na “irnan”, ambayo ndiyo iliyozoeleka. Ukizitazama utaona kwamba sauti ya r na irabu zimebadilishana nafasi. Mchezo huo umeyapata maneno mengi ya Kiingereza: “bird”, ndege, zamani ilikuwa “bridd”, na “third”, ya tatu, ilikuwa “thridda”.

Kisha wakaja Waviking. Tangu karne ya 9 walivamia na kuhamia mashariki na kaskazini ya Uingereza, wakiwa na vitenzi vyao “rinna” na “renna”, ndugu wa damu wa kile cha Waingereza. Kuishi kwao jirani kukaisukuma r irudi mbele. Ndiyo maana katika maandishi ya karne ya 14 unakuta “renne”. Irabu ya u tunayoiona leo ilitoka kwenye sura za wakati uliopita za kitenzi hichohicho, ikapanda polepole hadi wakati uliopo, na kufikia karne ya 16 “run” ikawa ndiyo kawaida.

Kipi ni cha asili, kukimbia kwa miguu au kutiririka kwa maji?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linafungua sehemu kubwa ya zile maana 645.

Vyote viwili ni vya asili. Tangu maandishi ya kale kabisa ya Kiingereza, kitenzi hiki kilitumika kwa mtu anayekwenda mbio na kwa maji yanayotiririka. Wajerumani waligawana mali: kwao leo “rennen” ni kukimbia, na “rinnen” ni kutiririka au kuchuruzika. Waingereza hawakugawana, wakaviacha vyote ndani ya neno moja. Walibaki pia na “runnel”, kijito kidogo, na “rennet”, ile dawa ya kugandisha maziwa ili yawe jibini, iliyopewa jina hilo kwa sababu inayafanya maziwa yakimbiliane na kushikana.

Tatizo letu wasemaji wa Kiswahili ni kwamba darasani tulifundishwa nusu moja tu. Mwalimu aliandika ubaoni “run”, akaandika pembeni “kimbia”, tukaenda nayo hivyo maisha yote. Halafu tunakuta “the tap is running” tunaona ajabu, bomba linakimbiaje? Hakuna ajabu. Bomba linatoka maji. “Her nose is running”, pua yake inatoka makamasi. “The colours ran”, nguo ilichuja rangi. “Tears ran down his face”, machozi yalimchuruzika usoni. Hakuna miguu humo hata kidogo.

Ukishaukubali mtiririko kuwa nusu ya pili ya neno, nyingine nyingi zinajipanga zenyewe. Mashine inayofanya kazi bila kusimama, mkataba unaoendelea kuwa na nguvu, tamthilia inayooneshwa wiki baada ya wiki, barabara inayopita toka mji hadi mji: vyote hivyo Mwingereza anaviona kama kitu kinachokwenda mfululizo bila kukatika. Ninapofasiri, hujiuliza kwanza: hapa kuna mtu anayekwenda mbio, au kuna kitu kinachoendelea bila kukatika? Jibu huwa ni la pili mara nyingi kuliko la kwanza.

Kwa hiyo “kimbia” haifai kabisa?

Inafaa kwa mtu, mnyama na mashindano. Inafaa pia kwa kutoroka: “he ran away”, alikimbia, alitoroka. Na kitenzi chetu nacho kina upana wake, ambao “run” haina. Tunasema fulani alikimbia umande, maana yake hakusoma. Tunasema mtu anamkimbia mdai wake. Tunakimbiza mwenge, na kila Mtanzania anajua hakuna anayeufukuza mwenge. Wakimbiza mwenge wanaubeba mkoa kwa mkoa, kumbukumbu ya ule uliowashwa kileleni Kilimanjaro mwaka 1961. Kutokana na kimbia tumepata kimbilio na mkimbizi. Ukimfasiria Mwingereza maneno hayo kwa “run” peke yake, utamwacha gizani kama wao wanavyotuacha.

Na kuna mahali sisi tunatumia “kwenda mbio” badala ya “kimbia”. Moyo wa mtu mwenye hofu unamwenda mbio. Mwingereza hapo hasemi “run”, anasema “race”.

“Run a business” ni kukimbiza biashara?

Hapana, ni kuendesha biashara. Maana hii ni changa. Ilikua na mashine. Vinu, saa na baadaye injini za mvuke vilisemwa kuwa “vina-run” vinapofanya kazi, kisha ikawa mtu anayeviwasha na kuvisimamia naye “ana-run” kinu au treni. Kutoka kinu kwenda kampuni ni hatua moja, na Wamarekani waliipiga katika karne ya 19. Leo mtu “runs” duka, hoteli, shule, wizara, hata familia.

Sisi tumefika palepale kwa njia yetu. Enda, endesha: kufanya kitu kiende. Ndiyo sababu “endesha” ni jibu zuri kwa nusu ya matumizi ya ofisini. “Running costs” ni gharama za uendeshaji. “State-run” ni inayoendeshwa na serikali. “Badly run”, inaendeshwa vibaya. Kwenye kompyuta, “run a program” ni kuendesha programu, na wapo wanaopendelea kutekeleza. Yote mawili yanaeleweka, ila chagua moja usibadilishebadilishe katika ukurasa mmoja.

Na “running stomach” je? Ni Kiingereza sahihi?

Ni Kiingereza cha kwetu. Ukisema hivyo kwa daktari Nairobi, Kampala au Dar es Salaam atakuelewa mara moja. London anaweza kubaki anakutazama, kwa maana wao husema “diarrhoea”, au wakiwa nyumbani, “the runs”.

Ninavyoona, tuliipata kwa sababu Kiswahili kiliiunga mkono. Msikilize mama zahanati:

“Mama Asha, mtoto ana nini?”

“Anaendesha, nesi. Tangu usiku hajatulia.”

Endesha ileile ya biashara! Kuharisha na kuendesha kampuni vimekaa katika neno moja kwetu, kama vilivyokaa katika “run” kwao. Kwa hiyo usione haya kusema “running stomach” ukiwa Afrika Mashariki. Lakini ukiwa na mgonjwa ugenini, kwenye simu ya dharura, tumia “diarrhoea”, tena uitamke taratibu. Hapo kueleweka ni kwanza.

“Running nose” iko hivyohivyo. Waingereza wengi husema “runny nose”, ingawa hiyo ya kwetu wanaielewa bila shida.

Kwa nini Mmarekani “runs” for president, na Mwingereza “stands” for Parliament?

Hii hutoka kwenye picha mbili tofauti za uchaguzi. Uingereza mgombea alisimama mbele ya wapiga kura wamtazame na kumkubali, na neno la zamani la “stand” likabaki. Marekani, tangu mwanzoni mwa karne ya 19, uchaguzi ulionekana kama mashindano ya mbio. Kiswahili kina picha yake ya tatu: kugombea, yaani kuwania kitu ambacho na mwenzako anakitaka. Magazeti ya Kiingereza ya Kenya nayo yana mazoea yao, “vie”, ambalo liko karibu zaidi na kugombea kuliko yote mawili.

Usiandike kamwe “anakimbia urais”. Nimeiona hiyo kwenye habari zilizofasiriwa na mashine, na maana yake kwa msomaji wa Kiswahili ni kinyume kabisa: kwamba mtu ameukwepa urais, hautaki!

“Running mate” ina hadithi yake. Neno lilitoka kwenye mbio za farasi Marekani katika karne ya 19. Mwenye farasi bingwa alimwingiza na farasi wake wa pili katika mbio zilezile, amsaidie bingwa kushika kasi. Wanasiasa wakalichukua kwa anayegombea umakamu wa rais. Sisi tunaye mgombea mwenza, Tanzania tangu uchaguzi wa 1995 na Kenya tangu ule wa 2013. Nakipenda sana Kiswahili hapa. Mwenza ana heshima kuliko farasi wa pili.

Hakimu akisema vifungo “run concurrently” ana maana gani?

Kwamba mfungwa atavitumikia kwa wakati mmoja. Akihukumiwa miaka mitano kwa kosa la kwanza na mitatu kwa la pili, “concurrently” atakaa mitano, na “consecutively” atakaa minane. Waandishi wetu wa mahakamani wana sentensi tayari kwa hilo: adhabu zitakwenda pamoja. Kwa ile nyingine, atazitumikia moja baada ya nyingine. Kosa la neno moja hapa ni miaka ya mtu gerezani kwenye vichwa vya familia yake, kwa hiyo ukifasiri hukumu isome mara mbili.

Mikataba ni jamaa wa karibu. “The lease runs for three years”, mkataba wa pango ni wa miaka mitatu. Hakuna haja ya kutafuta kitenzi cha mwendo, “ni wa” inatosha.

Reli haitembei. Kwa nini inasemwa “the railway runs from Dar es Salaam to Kapiri Mposhi”?

Kwa sababu jicho ndilo linalotembea. Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860, na anayeieleza anaifuata kwa mawazo toka mwanzo hadi mwisho. Kiswahili kina tabia hiyohiyo: barabara hii inakwenda wapi? Inapita Mikumi, inaelekea Iringa. Angalia tu tofauti ya “the railway runs”, yaani njia imelazwa kutoka hapa hadi pale, na “the trains run daily”, yaani treni zipo kila siku. Hapo pa pili andika: treni zinasafiri kila siku.

Run into, run over, run out of… nitazimudu vipi?

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na sidhani inabidi. Kiingereza kinabadilisha maana ya kitenzi kwa kukibandika vijineno nyuma yake. Kiswahili kinabadilisha kwa viambishi mwishoni: kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana. Hakuna anayelalamika kwamba kimbilia na kimbiza ni vitu viwili. Zichukulie “run into” na “run over” vivyo hivyo, kila moja ni kitenzi kamili chenye maana yake.

Chukua “run out”. Umeingia jikoni, mkebe mtupu. Mwingereza anaweza kusema “the sugar has run out”, au “we have run out of sugar”. Sentensi mbili, jambo moja, mtazamo tofauti. Sisi tunazo zote mbili kwa usahihi uleule: sukari imekwisha; tumeishiwa sukari. Ya kwanza inaitazama sukari. Ya pili inawatazama wenye shida. Wanafunzi wengi wanakosea kwa kuandika “we have finished sugar”, ambayo kwa Mwingereza inasikika kama mmekaa mkaila kijiko kwa kijiko mpaka chini.

“Run into” mtu ni kukutana naye bila kutarajia. “Run into” ukuta ni kuugonga. “Run into” matatizo ni kuyakuta njiani.

“Run over” kwa gari ni kumkanyaga au kumpitia mtu. Gazeti likisema tu kwamba mtu aligongwa, “hit” au “knocked down” ni salama zaidi, kwani “run over” inaleta picha ya gurudumu.

“Run down” ina nyumba kadhaa. Betri imekwisha chaji. Jengo limechakaa. Mtu amechoka, mwili hauna nguvu. Na kumsema mtu vibaya nyuma yake nako ni “run him down”.

“Run through” ni kupitia haraka, kama orodha au wimbo kabla ya onyesho. “Run it by me” ni nieleze nikupe maoni. “Run up debts” ni kurundika madeni. “I'm running late” ni nachelewa, na “I have to run” mtu wa mjini angesema: ngoja niwahi.

“Cut and run” ilitoka wapi?

Baharini. Meli ikiwa imetia nanga na adui anakaribia, hakukuwa na muda wa kuivuta nanga. Mabaharia waliikata kamba, wakaiacha nanga chini na kushika upepo. Leo ni kujitoa haraka kwenye jambo bila kulimaliza. Bahari imeipa “run” maana nyingine kadhaa: “run before the wind”, kwenda na upepo nyuma; “run aground”, kupanda mwamba au fungu la mchanga na kukwama. Na magendo. Marekani ilipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, waliokuwa wakiiingiza kwa mashua waliitwa “rum-runners”. Anayepitisha silaha kwa siri bado huitwa “gun-runner”.

Kwenye kriketi “run” ni nini?

Ni pointi, na Kiswahili cha michezo kimeipa neno zuri: mikimbio. Wapigaji wawili husimama kila mmoja mwisho wake wa uwanja mdogo wa katikati, wenye urefu wa mita 20 hivi. Mmoja akiupiga mpira wanabadilishana upande, na kila mara wanapopishana wakafika salama wanahesabiwa mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja kwa kubiringika wanapewa mikimbio minne, ukivuka hewani sita, bila kulazimika kukimbia hata hatua. Neno limeshajitenga na miguu.

Tarehe 24 Februari 2003, kwenye Kombe la Dunia, Kenya iliishinda Sri Lanka kwa mikimbio 53 mjini Nairobi. Wakenya walikuwa wamefikisha 210, na Collins Obuya akawaangusha wapinzani watano. Timu ile ilifika nusu fainali. Sitaki isahaulike, na ndiyo maana ninapofundisha neno hili huutumia mchezo huo.

Kwa michezo kwa jumla, angalia “runner-up”. Ni mshindi wa pili. “First runner-up” naye ni mshindi wa pili, si wa kwanza, na “second runner-up” ni wa tatu. Taarifa za mashindano ya urembo hukosea hapa mara kwa mara.

“A run on the bank” ni mbio gani?

Ni watu wengi kukimbilia benki kwa pamoja kutoa fedha zao kwa hofu kwamba benki itaanguka. Benki yoyote huwa imekopesha sehemu kubwa ya amana, haikai na fedha zote kwenye sefu, kwa hiyo hofu yenyewe inaweza kuiangusha hata kama jana ilikuwa nzima. Septemba 2007 foleni za wateja wa Northern Rock zilijaa mitaa ya miji ya Uingereza. Machi 2023 ilikuwa tofauti: wateja wa Silicon Valley Bank, Marekani, walijaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, na wengi walifanya hivyo kwa simu na kompyuta. Hakukuwa na foleni wala mbio, na bado neno ni lilelile. Kiswahili hapa kinaturuhusu kuirudia familia ya kimbia: wateja walikimbilia fedha zao.

Je, “run” inaweza kuwa jina la mahali?

Ndiyo, na hapa maji yanarudi. Katika majimbo kadhaa ya Marekani “run” ni kijito. Vita vya kwanza vikubwa vya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, vilivyopiganwa Virginia tarehe 21 Julai 1861, vinaitwa Bull Run kwa sababu ya kijito cha jina hilo. Watu wa Kusini waliviita Manassas, kwa jina la mji wa jirani. Anayefasiri historia hiyo asiseme kitu kuhusu mbio za fahali. Hakukuwa na fahali.

Nomino zingine nazitaja upesi: “chicken run” ni eneo lililozungushiwa wavu kwa ajili ya kuku, “ski run” ni mteremko wa theluji, na mchirizi kwenye soksi ndefu za kike zilizofumuka huitwa “run” Marekani na “ladder” Uingereza.

Nifasirije “it runs in the family” na “still waters run deep”?

Ya kwanza: ni jambo la ukoo, au wamerithi, au limo kwenye damu. Kwa ugonjwa, tumia “wa kurithi” kama daktari amethibitisha. Kama ni maneno ya kawaida ya mtu, “katika ukoo wao upo” haitaapa kwa kitu ambacho hajakisema.

Ya pili tunayo ya kwetu, wala haihitaji maji: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wafasiri wa Biblia walifanyaje?

Walifanya kazi ambayo kila mfasiri anapaswa kuitazama. Habakuki 2:2, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema “that he may run that readeth it”. Biblia ya Kiswahili ya Union inasema: “ili aisomaye apate kuisoma kama maji.” Hakuna kukimbia. Mfasiri aliuliza Mswahili humsifuje msomaji asiyekwama, na jibu lilikuwa mdomoni mwa kila mtu: anasoma kama maji. Amosi 5:24, Kiingereza kina “let judgment run down as waters”. Kiswahili, “hukumu na iteremke kama maji”. Iteremke! Hukumu inashuka kama maji ya mlima, kwa nguvu, na neno moja limebeba mwendo na mwelekeo.

Ni “I have ran” au “I have run”?

“I have run”. Wakati uliopita ni “ran”, na baada ya “have”, “has” au “had” inarudi “run”, sawa na “come, came, come”. Utawasikia hata wenyeji wa Marekani na Uingereza wakisema “I have ran”, ila kwenye mtihani na kwenye barua ya kazi itakukatia alama.

Korido na kozi zinahusiana na “run”?

Kwa maana ndiyo, kwa asili hapana. Kilatini kilikuwa na kitenzi chake cha kukimbia, “currere”, kisicho na undugu na “run”. Kutokana nacho Waitaliano walipata “corridore”, mahali pa kupita mbio, Waingereza wakaipata “corridor”, nasi tukaipata korido. “Course” ni njia inayokimbiwa, kisha mfululizo wa masomo, na ndiyo kozi yetu. “Current” ni mkondo wa maji au umeme. “Currency” ni fedha inayozunguka mkononi mwa watu. “Cursor” ni kile kijiti kinachokimbia kwenye kioo cha kompyuta unapoandika. Warumi nao walikuwa wamekiacha kitenzi kimoja kibebe mbio za farasi, mkondo wa mto na mwendo wa miaka.